Kifuniko Kimoja cha Fomalini

Kabla jua halijapanda juu ya mapaa, majirani walijua kwamba Povu ameamka. Hawakuhitaji kumwona. Walisikia mwiko wake mrefu ukigonga ndani ya pipa: du, du, du. Alikuwa anakoroga sabuni.

Povu si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wateja. Zamani alikuwa mwashi, miaka kumi na mitano ya matofali na saruji. Mgongo ulipoanza kumdai haki yake, akaacha ujenzi, akajifunza kutengeneza sabuni ya maji. Alijifunza kwa rafiki yake, siku mbili tu, akiwa amesimama. Hakuandika hata neno moja.

"Kichwa changu ndicho daftari langu," alikuwa akisema.

Na kweli, vipimo vyote vilikuwa kichwani. Kwa kila ndoo ya maji, kopo moja la dawa ya povu. Chumvi konzi mbili, ili sabuni iwe nzito. Rangi ya kijani, kijiko. Manukato ya limau, mpaka pua iseme basi. Mwisho kabisa, dawa ya kuzuia sabuni isioze. Dawa hiyo inaitwa fomalini. Kipimo chake kilikuwa kifuniko kimoja.

Mke wake alikuwa fundi wa kushona. Watu wote walimwita Fundi. Kila asubuhi alimsaidia mumewe kujaza sabuni kwenye chupa. Alichota kwa jagi, akamimina kwenye faneli, chupa baada ya chupa, sabuni ikimtiririka hadi kwenye viwiko. Kisha alisuuza mikono, akaenda kukaa kwenye cherehani yake karibu na dirisha. Kwa miaka ishirini alikuwa ameshona sare za shule, mapazia na suruali zilizopasuka. Lakini mwaka huu alipata kazi ambayo hakuwahi kuipata. Mwalimu mmoja wa mtaa wa pili alimletea kitambaa cheupe, laini kama maziwa.

"Naolewa baada ya wiki kumi na nne," mwalimu alisema. "Nataka wewe ndiye unishonee gauni."

Fundi alikipokea kile kitambaa kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Usiku huo alimwambia mumewe, "Baba watoto, watu mia mbili wataliangalia gauni langu kwa wakati mmoja."

"Wataliangalia wakiwa wamenawa kwa sabuni yangu," Povu akajibu, na wote wawili wakacheka.

Kicheko hicho hakikudumu. Mikono ya Fundi ilikuwa imeanza kuwasha tangu miezi miwili nyuma. Kwanza ilikuwa katikati ya vidole tu. Halafu ngozi ikawa nyekundu. Halafu ncha za vidole zikapasuka, nyufa nyembamba kama za ukuta uliopigwa lipu vibaya. Uzi ulinasa kwenye nyufa hizo. Siku moja alikuwa akipiga mshono wa kwanza wa lile gauni. Alipoinua kitambaa, aliona tone la damu. Lilikuwa dogo kama kichwa cha pini, lakini kwenye kitambaa cheupe hakuna tone dogo.

Aliliosha kwa maji baridi likatoka. Kisha akakikunja kitambaa, wala cherehani haikusikika tena.

"Ni nini?" Povu aliuliza kutoka uani.

"Mikono."

"Pakaa mafuta."

"Nimepaka."

"Basi pakaa tena. Mafuta si dhahabu."

Alipaka tena. Haikusaidia kitu. Akaenda zahanati. Muuguzi aliigeuza mikono yake huku na huku, akampa dawa ya kupaka, akamwambia, "Mama, kuna kitu unakishika ambacho ngozi yako imekikataa. Kitafute, ukiache."

Jioni mume na mke walikaa mezani wakamtafuta adui.

"Fundi anashika nini kutwa?" Povu aliuliza, halafu akajijibu mwenyewe. "Kitambaa. Vitambaa vya siku hizi vina rangi mbovu. Ukivifua, maji yanakuwa kama wino. Adui ni kitambaa."

"Hiki ni cheupe. Hakina rangi."

"Kina dawa ya kukifanya kiwe cheupe."

Fundi aliona maneno hayo yana akili. Akafunika cherehani kwa shuka, akaapa kwamba hatagusa kitambaa kwa wiki mbili. Lakini yeye si mtu wa kukaa mikono mapajani. Kwa kuwa hakushona, alichukua kazi yote ya kujaza sabuni. Zamani alijaza kwa saa moja, sasa alijaza mpaka mchana. Povu alifurahi. Biashara ilikwenda mbio.

Baada ya wiki mbili, Fundi hakuweza kufunga kifungo cha blauzi yake.

Alimwonyesha mumewe mikono. Ilikuwa imevimba. Mahali pengine ilitoa majimaji.

"Mwezi huu ukiisha na mikono iko hivi," alisema, "nitamrudishia mwalimu kitambaa chake. Atafute fundi mwingine kabla muda haujamwishia."

Povu alifungua mdomo atie mzaha. Mzaha ukakataa kutoka.

*

Siku iliyofuata mtu alibisha mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu!"

Aliingia mwanamke mrefu aliyevaa buti za mpira. Begani alikuwa na begi lenye vichupa vilivyogongana. Alikuwa mpima maji wa idara ya maji. Mtaa mzima ulimfahamu, maana yeye ndiye aliyewaambia watu wachemshe maji wakati bomba kubwa lilipopasuka.

"Kaka, samahani kwa kuwaingilia," Mpima alisema. "Nimefuata povu."

"Povu ni mimi," Povu alijibu.

Mpima alicheka. "Basi nimefika. Kuna povu la kijani kwenye mfereji, kutoka nyuma ya ua huu mpaka kwenye bustani za mboga kule chini. Mwenye bustani analalamika. Anasema hata vyura wamehama."

Povu alilitazama lile begi. Mtu wa idara akiingia kwako na begi, hujui atatoka na nini.

"Ni maji ya kusuuzia pipa tu, dada. Ni sabuni. Sabuni inasafisha. Itachafuaje mfereji?"

"Inategemea umeweka nini ndani yake. Naomba nione."

Povu alichota sabuni kwenye kikombe kwa madaha kidogo, kama mtu anayemimina asali. Mpima alisogeza pua. Akairudisha haraka. Akapangusa macho.

"Limau hili lina nguvu," Povu alisema.

"Limau haliumi macho kwa mbali namna hii, kaka. Chini ya limau kuna kitu kingine. Unaweka fomalini?"

"Ndiyo. Kila mtu anaweka. Bila hiyo, sabuni inaoza. Yangu inakaa miezi sita, haibadiliki."

Wakati huo Fundi alitoka ndani kumletea mgeni kiti. Alikishika kwa viganja, vidole vimenyooka ili visiguse kitu. Mpima aliviona vile vidole kabla ya kukiona kiti.

"Dada, mikono imeanza lini?"

"Miezi mitatu sasa. Wanasema ni kitambaa."

"Nani anasema?"

Fundi alimtazama mumewe. Povu alitazama paa.

"Nimeacha kushona wiki mbili," Fundi aliendelea. "Haikupona. Imezidi."

"Na katika hizo wiki mbili ulikuwa unafanya nini?"

"Namsaidia kujaza chupa."

Mpima aliligeukia pipa la sabuni. Fundi alikuwa wa kwanza kuelewa. Aligeuza kichwa polepole, akaliangalia pipa kama mtu anayemwona mgeni aliyelala nyumbani kwake miezi mitatu bila kujitambulisha.

"Sabuni yangu?" Povu alisema. "Sabuni yangu haina ubaya! Mimi mwenyewe nashinda nayo. Angalia mikono yangu!"

"Mikono yako imekula saruji miaka kumi na mitano," mkewe alijibu. "Hata nge akikuuma, atakayelia ni nge."

Mpima alimwomba Povu amwonyeshe hiyo fomalini. Povu alileta dumu la lita tano kutoka stoo. Lilikuwa limegeuzwa, upande wa karatasi ukielekea ukutani. Mpima aliligeuza. Kwenye karatasi palikuwa na picha ya fuvu la kichwa, na picha nyingine ya mkono unaoliwa na kitu kinachodondoka.

"Mbona ulikuwa umeligeuzia ukuta?"

"Picha ile inatisha wateja."

"Iliwekwa ili ikutishe wewe. Unapima kiasi gani?"

"Kifuniko kimoja kwa ndoo. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Kifuniko cha nini?"

Povu alinyanyua kifuniko cha dumu. Kilikuwa kipana kama kikombe cha kahawa.

"Na rafiki yako alikufundisha kwa dumu hili?"

Povu alikigeuza kile kifuniko mkononi. Hapana. Rafiki yake alimfundisha kwa chupa ndogo, ya ukubwa wa chupa ya dawa ya kikohozi. Chupa hizo ziliadimika miezi minne nyuma. Mwenye duka la kemikali akamwambia, "Chukua dumu, ni dawa ile ile." Yeye akachukua dumu. Kifuniko kikabaki kuwa kifuniko.

Ile chupa ndogo ilikuwapo bado stoo. Aliileta, na kifuniko chake. Mpima akavisuuza vifuniko vyote viwili vizuri akiwa amevaa glavu, akamwambia, "Sasa jaza hiki kidogo kwa maji, umimine katika hiki kikubwa. Hesabu."

Povu akamimina. Moja. Mbili. Tatu. Fundi alisimama pembeni akihesabu kwa midomo. Saba. Nane. Kifuniko kikubwa kilijaa kwenye kumi na moja.

Povu alikaa kwenye ukingo wa karo.

"Mara kumi na moja," alisema. "Basi kosa ni kifuniko. Nitarudi kwenye kile kidogo."

"La, kaka. Makosa ni mawili. La kwanza ni kifuniko. La pili ni fomalini yenyewe. Hata kile kidogo hakifai kwenye sabuni inayogusa mikono ya watu. Fomalini inaunguza ngozi. Hewa yake inaumiza macho na kifua. Ukiivuta kwa miaka mingi inaweza kuleta saratani. Na ngozi ya mtu ikishaikataa, hata kiasi kidogo sana kinatosha kuiamsha tena. Unajua hasa inatumika wapi?"

"Wapi?"

"Chumba cha maiti. Ndiyo wanayohifadhia maiti isioze."

Fundi aliangalia mikono yake. Kisha akamwangalia mumewe.

"Baba watoto," alisema kwa upole, "ulikuwa unanihifadhi? Ungesubiri kwanza nife."

Mpima alishindwa kujizuia, akacheka. Fundi naye akacheka, mpaka machozi yakatoka, na Povu hakujua kama yote yalikuwa ya kicheko. Yeye hakucheka. Alivuta lile dumu, akalifunga kwa nguvu zake zote.

"Nimeichoma mikono ya mke wangu," alisema. "Halafu nikamsingizia kitambaa."

*

Mpima hakuja na faini. Alirudi tena na tena. Kwa mwezi mmoja alipita pale kila alipokwenda kupima mfereji, na kila mara aliwafundisha jambo.

Jambo la kwanza lilikuwa mikono. "Rudi zahanati, dada. Mwambie muuguzi neno hili: fomalini. Hawezi kukutibu vizuri kama hajui adui. Usiiguse sabuni hii tena. Nawa kwa sabuni ya kipande isiyo na rangi wala harufu. Ukishajikausha, paka mafuta mazito."

Jambo la pili lilikuwa lile dumu. Povu alitaka kulimwaga kwenye mfereji liishe. Mpima alimshika mkono.

"Unataka kuwaua hata viluwiluwi waliobaki? Kemikali kali haimwagwi. Itakwenda na mimi maabara. Kule kuna mahali pa kuziharibu kwa usalama."

Jambo la tatu lilimshinda Povu kulimeza. Bila fomalini, sabuni itazuiwa na nini isioze?

"Nimepata dawa," alisema siku moja, uso ukimng'aa. "Nitatumia vitu vya asili tupu. Majivu na limau. Cha asili hakimdhuru mtu."

"Sumu ya nyoka ni ya asili," Mpima akajibu. "Maji ya majivu ukiyakosea kipimo yanachoma ngozi kama moto. Kaka, usiulize kama kitu ni cha asili au cha dukani. Uliza maswali mengine. Kina nini ndani? Kinafanya nini kwenye ngozi? Kikiingia majini, kinaoza au kinabaki? Na unajuaje kiasi chake?"

Povu aliyarudia maswali hayo kwa vidole. Kisha akafanya jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona. Akaomba kalamu.

Mpima alimtajia, yeye akaandika. Badala ya fomalini, sodiamu benzoeti, ule unga mweupe unaowekwa kwenye soda na juisi ili visiharibike. Gramu tano kwa kila lita moja, kwa mizani, si kwa kijiko. Kisha asidi ya limau ya unga, ile wanayotumia waokaji na watengeneza jamu, kidogo kidogo, mpaka karatasi ya kupimia ukali ionyeshe namba tano.

"Kwa nini tano?" Fundi aliuliza.

"Kwa sababu hapo ndipo benzoeti inapofanya kazi. Ikipanda juu zaidi, inalala usingizi. Na ngozi ya mtu nayo iko karibu na hapo hapo. Sabuni na ngozi zinaelewana."

"Na rangi?" Povu aliuliza.

"Rangi inasafisha nini?"

Povu alifikiri. Alifikiri tena. "Haisafishi kitu," alikiri.

"Basi itoe. Manukato punguza, maana ngozi nyingine huyakataa pia. Tengeneza nyingine bila harufu kabisa. Na ile dawa ya povu, mwulize mwenye duka kama ni ile inayooza majini. Zipo za aina mbili. Akisema hajui, nenda duka lingine."

Sabuni mpya ilitoka. Ilikuwa kama maji ya mchele, haina rangi ya kujivunia. Povu aliiangalia kama baba aliyeletewa mkwe asiyempenda. Na baada ya siku kumi na tano ilimsaliti. Alifungua chupa, akakuta utando juu na harufu ya soksi.

Siku hiyo hakuwa na raha. Alizunguka uani, akapiga teke ndoo.

"Hizi karatasi na mizani ni za wasomi," alisema. "Mwenye duka ana zile chupa ndogo tena. Kifuniko kidogo. Nusu ya kifuniko kidogo! Na wewe hutaigusa. Nitavaa glavu, nitajaza mwenyewe."

Fundi alikuwa amekaa kizingitini. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imeanza kufunga. Nyufa mbili tu zilibaki, kwenye vidole gumba.

"Mimi sitaigusa," alisema. "Na mama wa mgahawa anayenunua kwako? Yeye ananawia mara ngapi kwa siku? Na wale wasichana wake wanaoosha vyombo? Mikono yao ya kazi gani, ya mapambo?"

Povu aliitazama ile ndoo.

"Mimi nina mume mtengeneza sabuni," aliendelea, "na ilinichukua miezi mitatu kujua. Wao watajua lini?"

Povu aliinua ile ndoo aliyoipiga teke. Aliiweka wima. Kisha akaenda kumtafuta Mpima.

Mpima alikuja akanusa ile chupa, akauliza swali moja tu. "Maji unachota wapi?"

Alichota kwenye tangi la uani, lisilo na kifuniko. Mwiko wake wa mbao ulilala nje, ukilowa umande. Chupa alizokusanya kwa wateja alizisuuza mara moja tu. Fomalini ilikuwa imemfichia uchafu huo kwa miaka.

"Hakuna dawa ya kuzuia kuoza inayoweza kuchukua nafasi ya usafi," Mpima alisema. "Chemsha maji. Osha chupa kwa maji ya moto, zikauke kabisa. Nunua mwiko wa plastiki. Tengeneza kidogo kidogo, ya wiki nne, si ya miezi sita. Andika tarehe."

Povu alijisikia aibu. Sabuni ni mali ya kusafishia, na kilichokuwa kichafu ni kiwanda chake.

Alifanya yote. Alipima kwa mizani, akachovya karatasi, akaisogeza kwenye mwanga, akamwita mkewe ahakikishe namba. "Tano," Fundi akasema. "Tano na ushee." Akaongeza asidi, unga wa kucha moja. "Sasa tano."

Aliweka chupa moja juu ya dirisha. Wiki moja. Wiki mbili. Wiki nne. Haikubadilika.

*

Kazi ngumu kuliko zote ilibaki. Sabuni ya zamani ilikuwa bado kwenye nyumba za watu. Povu alifunga kreti nyuma ya baiskeli, akaenda mlango kwa mlango. Kila mahali alisema maneno yale yale. "Sabuni niliyowauzia ilikuwa mbaya. Nipeni iliyobaki. Chukueni hii."

Wengine walimpongeza. Wengine walimcheka. Mwenye bustani kule chini alimkaripia kwanza, ndipo akapokea chupa yake. Mama wa mgahawa, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, aliikumbatia chupa yake ya kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huichukui! Hii ndiyo sabuni. Ukinawa unasikia kabisa kwamba umenawa. Inawasha mpaka mfupani!"

"Ndiyo ubaya wenyewe, mama. Sabuni nzuri huisikii."

"We Povu, unaniletea maji ya mchele! Limau liko wapi? Kijani kiko wapi?"

"Kijani hakioshi sahani, mama. Nionyeshe mikono ya wasichana wako."

Mama wa mgahawa alitaka kubisha. Lakini mmoja wa wasichana alikuwa ameshasikia. Alitoka jikoni, akaikunjua mikono yake mbele yao. Ilikuwa myekundu mpaka kwenye vifundo.

Mama wa mgahawa aliitazama kwa muda mrefu. Sauti ya tarumbeta ikaisha.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilidhani ni maji ya moto, mama."

"Mpeleke zahanati," Povu alisema. "Mwambieni muuguzi ni fomalini. Nimeiweka mimi."

Alirudi nyumbani na chupa thelathini na moja. Hakuzimwaga. Alizipanga stoo zimsubiri Mpima na gari la maabara. Safari hii alizipanga lebo zikitazama mlangoni, na juu ya kila moja aliandika: USITUMIE.

Wateja watano hawakurudi. Walitaka ile kali. Povu aliwaacha waende. Lakini mama wa mgahawa alirudi, akaleta na wenye migahawa wawili. Mfereji ukaacha kutoa povu la kijani. Siku moja Mpima alichungulia majini akaita, "Kaka, njoo uone wageni!" Viluwiluwi weusi walikuwa wakikimbizana kwenye matope.

Na Fundi? Shuka iliondolewa kwenye cherehani zikiwa zimebaki wiki tatu. Alishona tangu asubuhi mpaka mwanga unapokwisha. Uzi ulipita vidoleni kama maji juu ya jiwe. Kila jioni alikagua kitambaa mbele ya dirisha, inchi kwa inchi. Hakuona tone.

Siku mbili kabla ya harusi, gauni lilisimama katikati ya sebule, limevalishwa kwenye fimbo. Lilikuwa na mikono mirefu na pindo pana lililoanguka hadi sakafuni. Fundi alipiga magoti na pini mdomoni. Pindo lilimshinda. Kila alipolinyoosha upande huu, upande wa pili ulianguka.

"Baba watoto!" aliita. "Njoo unishikie hapa."

Povu aliingia kutoka uani. Aliona ule weupe wote, akasimama mlangoni. Akaificha mikono yake mikubwa nyuma ya mgongo.

"Mimi? Nitalichafua."

"Nawa kwanza."

"Kwa sabuni ipi? Nikachukue ile yako ya kipande?"

Fundi alitoa pini mdomoni. Alimtazama, akatabasamu.

"Kwa ya kwako," alisema. "Na uje haraka, pindo linaanguka."